Lango la gofu limefunguliwa, meza je?

WAHENGA walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na aghalabu wanafunzi huieleza pasi na taabu: anayeonyesha ufundi wake mbele ya watu wake hakosi wa kumtuza. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali ambalo methali yenyewe inalichokoza, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Swali ni hili: kwao ni wapi? Mtu akiujua uwanja mti kwa mti na bonde kwa bonde, akaamka alfajiri kuutumikia, kisha asiwe na ruhusa ya kuvuta kiti akaketi hapo, je, huyo anacheza kwao au anacheza kwa watu?

Swali hilo lilinifika siku walimu wa shule yetu tulipokwenda kucheza gofu.

Najua yupo msomaji atakayecheka. Mwalimu na gofu, wapi na wapi? Sisi wenyewe tulicheka. Kila mwisho wa mwaka mfuko wetu wa ustawi hutupeleka mahali tukapumzike, na desturi ni nyama choma, soda, hotuba mbili tatu, kisha kurejea nyumbani. Mwaka huo mwalimu mmoja kijana, wa somo la jiografia, alisimama katika chumba cha walimu akapendekeza twende mahali fulani pembezoni mwa jiji la Nairobi ambapo, alisema, mtu halazimiki kuwa mwanachama wala kumiliki fimbo. Kundi huja, hukodi nafasi, hupewa ndoo za mipira na fimbo za kuazima, mkufunzi akawaelekeza, kisha watu wakaketi wakala. Ni mahali pa kujiburudisha, si pa mashindano.

Chumba kiligawanyika. Kuna waliosema gofu ni mchezo wa mawaziri na mameneja wa benki. Kuna waliouliza nauli. Mwalimu wa hisabati, mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote humwita Mzee, hakutia neno. Tulipomsihi atoe maoni yake alisema tu, "Mimi huko nimeshapita." Tulidhani anatania. Hatimaye kura zilipigwa, vijana wakashinda, nami nikateuliwa kuwa mweka hazina wa safari.

Langoni askari alilitazama basi letu lenye jina la shule ubavuni, akauliza, "Mmekuja kumwona nani?" Tulimjibu kwamba hatukuja kumwona mtu, tumekuja kucheza. Alitutazama tena, akatazama viatu vyetu, akapiga simu ndani. Tulingoja kwa muda wa kama robo saa, na katika muda huo magari madogo mawili yalipita bila kuulizwa lolote. Sitaki kumlaumu askari yule. Yeye alikuwa amefundishwa kusoma watu kama sisi tulivyofundishwa kusoma vitabu, na basi la shule halikuwamo katika somo lake.

Ndani mambo yalikuwa mema. Mbele yetu palikuwa na nyasi pana zilizotiwa vibao vya kuonyesha umbali, na nyuma yetu ukumbi wa kulia ulio wazi, wenye meza ndefu. Mkufunzi wetu, kijana mtaratibu, alituambia kwamba aliingia katika kazi hiyo kwa kubeba mikoba ya fimbo za wachezaji, kazi ya wale waitwao makedi, tangu alipomaliza darasa la nane. Alitufundisha namna ya kushika fimbo, namna ya kusimama, na namna ya kuuacha mwili ugeuke wenyewe bila kuulazimisha. Naibu wa mwalimu mkuu alipiga hewa mara tatu, na mara ya nne akachimbua nyasi. Mwalimu wa sayansi kimu, ambaye alikuwa amekataa kuja, ndiye aliyeupeleka mpira mbali kuliko wote. Tulicheka hadi tukasahau vyeo. Nimekaa na walimu wale katika mikutano mingi ya kujadili matokeo ya mitihani, na sijapata kuwaona wakitazamana kwa wema kama siku ile.

Mzee alikaa pembeni. Kisha nilimwona akinyanyuka na kumrekebisha mwalimu mmoja kidole gumba, kwa upole, kama anavyorekebisha alama ya kutoa katika daftari la mwanafunzi. Mkufunzi alimtazama kwa mshangao, akampa fimbo. Mzee alipiga mpira mmoja tu. Uliondoka chini, ukapanda polepole, ukaangukia karibu kabisa na kibao cha mbali. Alirudisha fimbo, akaketi. Ndipo alipotueleza kwamba alipokuwa mvulana alibeba mikoba katika uwanja mmoja wa gofu huko kwao, kila Jumamosi na Jumapili, na kwamba karo yake ya sekondari ilitokana na mabega yake.

Wakati wa chakula ulipofika tulimwalika yule mkufunzi aketi nasi. Alitushukuru, akasema hapana. Tulipomshikilia alieleza kwamba utaratibu wa mahali pale hauwaruhusu wafanyakazi kuketi mezani na wateja, na kwamba chakula chake kipo nyuma ya jiko. Hapa sina budi kukiri jambo ambalo si la kujivunia. Mimi mweka hazina, niliyekuwa nimehesabu sahani kwa idadi ya vichwa, nilifarijika. Nilisema, "Basi, utaratibu ni utaratibu," nikamwashiria mhudumu alete chakula.

Mzee alichukua sahani yake, akainuka, akamfuata yule kijana nyuma ya jiko. Hakutoa hotuba wala hakununa. Naibu wa mwalimu mkuu alipomwita arudi alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyinyi kuleni tu. Mimi nimezoea kulia huku." Tukala. Kicheko cha asubuhi hakikurudi tena.

Mgala na haki yake

Wahenga walisema mgala muue na haki yake umpe. Kwa hivyo, kabla sijailaumu desturi hii, nauombea mchezo wenyewe haki yake, maana tangu siku ile nimejifunza mambo yake kidogo.

Gofu ina kanuni moja ambayo ningependa iandikwe katika ukuta wa kila darasa. Mchezaji hodari anapokutana na mchezaji dhaifu, huyu dhaifu hupunguziwa idadi ya mikwaju kwa hesabu inayojulikana kabla mchezo haujaanza. Hesabu hiyo huitwa hendikapu. Shabaha yake ni kwamba mtu wa miaka sitini aweze kushindana na kijana wa miaka ishirini, na anayejifunza aweze kushindana na bingwa, na wote wawili wawe na tumaini la kushinda. Sijui mchezo mwingine unaoanza kwa kumuuliza mnyonge: wewe utahitaji msaada kiasi gani ili tuwe sawa?

Kadhalika, katika mchezo wa kawaida wa gofu hakuna mwamuzi anayemfuata mchezaji kwa filimbi. Mpira wako ukiusogeza kwa bahati mbaya vichakani ambako hakuna aliyekuona, wewe mwenyewe ndiwe unayetangaza kosa lako na kujiongezea adhabu. Mwalimu anayesimamia mitihani atajua thamani ya malezi kama hayo.

Tena mchezo huu ni somo la sayansi lililomwagwa juu ya nyasi. Mchezaji haruhusiwi kubeba fimbo zaidi ya 14, na tofauti kubwa baina ya fimbo hizo ni urefu wake na mwinamo wa uso wake: yenye uso uliosimama huupeleka mpira mbali na chini, yenye uso uliolala huupandisha juu na kuuangusha karibu. Mpira wenyewe hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, wala kipenyo chake kupungua milimita 42.67. Shimo unalolengwa lina upana wa milimita 108 tu. Vile vijishimo vilivyotapakaa usoni mwa mpira si mapambo. Hupunguza mvuto wa hewa nyuma ya mpira ili uende mbali kuliko ambavyo ungeenda kama ungekuwa laini. Mwalimu wa fizikia ambaye wanafunzi wake wamechoshwa na michoro ya mishale ubaoni ana maabara nzima pale.

Basi kasoro haimo katika mchezo. Kasoro imo katika ua uliouzunguka.

Ua ulitoka wapi?

Yamkini wapo wanaodhani kwamba gofu ilizaliwa na ua. Sivyo. Uskoti, mahali ulipokulia mchezo huu, ulikuwa mchezo wa watu wengi kiasi cha kuitia serikali wasiwasi. Mwaka 1457 Bunge la huko, katika enzi ya Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku gofu pamoja na mpira wa miguu, kwa sababu vijana waliacha kufanya mazoezi ya kutumia upinde, na nchi ilihitaji wapiganaji. Mchezo wa mabwana wachache usingepigiwa sheria ya namna hiyo.

Katika mji wa St Andrews, hati ya Askofu Mkuu John Hamilton ya mwaka 1552 ilitambua haki ya wenyeji kuitumia ardhi ya ufuoni kwa michezo yao, gofu ikiwamo. Uwanja mkongwe wa mji huo, ambako idadi ya mashimo 18 ilipatikana mwaka 1764, hadi leo ni mali ya umma. Siku ya Jumapili aghalabu hauchezwi gofu. Wenyeji hutembea humo na watoto wao na mbwa wao kama watembeavyo katika bustani ya mji.

Mchezo huo ulipoletwa kwetu ulikuja na ua. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1906 tayari kilabu cha gofu kilikuwa kimeasisiwa, kile kijulikanacho sasa kwa jina la Royal Nairobi. Mombasa ilipata chake mwaka 1911. Vilabu vya zama hizo vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliingia akiwa na fyekeo, sinia au mkoba wa mtu begani. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 rangi za wanachama zilibadilika hatua kwa hatua, lakini ua haukung'olewa. Ulibadilishwa jina tu, ukaitwa ada ya kujiunga. Hadi leo mtu akitazama picha zilizopigwa kutoka angani, ataona nyasi za kijani za Royal Nairobi zimepakana na mabati ya Kibera, na katikati ukuta.

Wala tusidhani kwamba ni sisi peke yetu. Huko Marekani chama cha wachezaji wa kulipwa kilikuwa na kifungu cha kuwazuia watu weusi hadi mwaka 1961, na Charlie Sifford, aliyeuvunja mwiko huo, alianza maisha ya gofu akiwa kedi. Kilabu cha Royal and Ancient cha St Andrews, ambacho ni kitu tofauti na uwanja ule wa umma, hakikukubali wanawake kuwa wanachama hadi walipopiga kura mwaka 2014. Hapa kwetu pia vimekuwapo vilabu vyenye ukumbi wa vinywaji ambamo mwanamke hakutakiwa kutia mguu, hata awe ameshinda kombe asubuhi hiyo.

Lakini angalia wale waliokuwa nje ya ua walivyoujua mchezo. Shindano letu la Kenya Open, lililoanza mwaka 1967, lilinyakuliwa mwaka 1978 katika uwanja wa Muthaiga na kijana Mhispania, Seve Ballesteros. Mwaka uliofuata kijana huyo alilitwaa taji la Uingereza. Yeye alizaliwa katika kijiji cha Pedreña, mwana wa watu wa kawaida, akajifunza kwa fimbo moja kuukuu kwenye mchanga wa ufuoni, na akabeba mikoba ya watu katika kilabu cha kijijini mwao. Waliompigia makofi Muthaiga walikuwa wakimpigia kedi makofi. Sijui kama walilitafakari hilo walipokuwa wakirudishiwa mikoba yao jioni.

Milango mipya

Sasa tumefika kwenye zama za milango mipya. Mwaka 2000 huko Watford, Uingereza, ndugu wawili pacha walifungua mahali panapoitwa Topgolf, ambapo kila mpira umetiwa kidude cha elektroniki kinachohesabu alama, na wachezaji hukodi nafasi kwa saa, wakicheza huku wakila na kunywa. Miaka mitano baadaye mtindo huo ulivuka hadi Marekani na kuenea sana. Anayekuja si mwanachama. Ni familia, ni wafanyakazi wa ofisi moja, ni marafiki wanaosherehekea siku ya kuzaliwa, na wengi wao hawajawahi kushika fimbo. Hapa Kenya pia kuna mahali pa kupigia mipira panapofunguliwa kwa yeyote mwenye kulipa, na uwanja ulio ndani ya Ngong Racecourse umejulikana kwa miaka mingi kwa kuwapokea wasio wanachama.

Mimi ni muumini wa milango hii mipya, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Uwanja kamili wa mashimo 18 humeza ekari zaidi ya mia moja na maji mengi. Mahali pa kupigia mipira na kula panahitaji sehemu ndogo tu ya ardhi hiyo. Uwanja kamili humtaka mtu saa nne au zaidi na miaka ya mazoezi. Mahali pa namna hii panamtosheleza mgeni kwa saa moja. Na jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba pale watu wa vyeo mbalimbali huonekana mbele ya wenzao wakishindwa, na wakacheka. Taasisi zetu zina uhaba mkubwa wa mahali pa kushindwa bila kuadhibiwa.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni maneno ya walioshiba. Siku ya tarehe 19 Januari mwaka 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi walipokuwa wakitetea kiwanja chao cha michezo kisinyakuliwe. Katika nchi ambamo mtoto hupigania mahali pa kukimbilia, mwalimu atathubutuje kusifu ndoo za mipira ya gofu? Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Kiwanja cha shule ndicho haki ya kwanza. Hakuna mahali pa kulipia panapoweza kukifidia, na mwalimu anayepeleka wanafunzi kwenye gofu huku kiwanja cha shule yake kikizungushiwa ua na mtu mwingine anastahili kulaumiwa. Hata hivyo, mambo haya mawili si maadui. Anayezoea kuona kwamba mahali pazuri pana wenyewe, na wenyewe si yeye, hatapigania hata kiwanja chake siku kikinyakuliwa. Woga wa lango hufundishwa. Tulioketi basini robo saa nzima tukitazama viatu vyetu, watu wenye shahada na vyeti, tulikuwa tumefundishwa vizuri.

Lakini lango likifunguliwa, kazi haijaisha. Hili ndilo alilotufunza Mzee kwa sahani yake. Sisi walimu tuliruhusiwa kuingia kwa sababu tulikuwa na fedha za siku moja, na tulipoketi tu, tukakubali mara moja kwamba aliyetufundisha ale nyuma ya jiko. Tulivuka ua, kisha tukausogeza nyuma ya migongo yetu ili umzuie mwingine. Mchezo wenyewe humpa mnyonge nafuu ya mikwaju kabla hajaomba. Nyumba iliyojengwa juu ya mchezo huo haikuweza kumpa kiti hata alipoombewa. Na mimi niliyekuwa na mfuko wa fedha nilishukuru kwa kuwa sahani moja imesalimika.

Tufanyeje?

Kwa wenye mahali hapa pa gofu na chakula, nina ombi lisilo na gharama kubwa. Siku za Jumatatu hadi Alhamisi, asubuhi, aghalabu nafasi zao huwa tupu na nyasi zao hazina wa kuzikanyaga. Wazigawie shule saa hizo kwa bei ambayo mwanafunzi wa kutwa anaweza kuimudu. Mtaala wetu wa umilisi umeipa Sanaa na Sayansi ya Michezo njia yake yenyewe katika shule za sekondari ya juu, na walimu wa njia hiyo wanatafuta mahali pa kujifunzia kwa vitendo. Pia, mteja akimwalika mezani aliyemfundisha, na kazi ikiwa imekwisha, aruhusiwe kuketi. Mahali panapojitangaza kuwa pa watu wote hapawezi kuwa na mtu ambaye si wa watu hao.

Kwa walimu wenzangu: tunapopanga safari, tusiishie kuuliza bei ya nyama na nafasi ya kuegesha basi. Tuulize pia wale watakaotuhudumia watakula wapi. Mwanafunzi hujifunza mengi kutokana na namna mwalimu wake anavyomsemesha mhudumu kuliko anavyojifunza kutokana na hotuba ya mwalimu huyo juu ya utu. Na tuwaandae wanafunzi kabla ya safari: wajue jina la kila kitu watakachokiona, wajue kanuni, wajue kwamba kuuliza si ushamba. Asiyejua jina la kitu hukiogopa.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Mkifika mahali mkahisi kwamba nyasi zile si za watu kama nyinyi, kumbukeni kwamba hisia hiyo haikuota yenyewe kifuani. Iliwekwa humo na historia yenye tarehe, na kilichowekwa na watu huweza kuondolewa na watu. Lakini siku mtakapoketi mezani, tazameni nani amebaki amesimama.

Mwaka uliofuata, Mzee akiwa amekwisha kustaafu, niliteuliwa tena kuwa mweka hazina. Nilipiga simu mahali pengine pa namna ile ile, na kabla ya kulipa arubuni nilimwambia meneja kwamba tunaagiza sahani moja zaidi ya idadi yetu, kwa ajili ya mkufunzi, na kwamba ataketi nasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Hata hoja nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi. Meneja alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sioni ubaya. Ni vile tu hakuna aliyewahi kuuliza."

Mkufunzi wa siku hiyo aliketi kati yangu na naibu wa mwalimu mkuu. Alikula kidogo, akageuka mara kwa mara kutazama upande wa jikoni kama mtu anayengoja kuitwa. Hatukumtoa woga wa miaka mingi kwa sahani moja ya wali. Alipoinuka aliniuliza kama mwakani tutarudi, nikamjibu kwamba tutarudi.

Jumamosi iliyofuata nilimtembelea Mzee, nikamsimulia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu, "Mlimlipia, au alikula cha kubaki?" Nilimwambia tulimlipia kama tulivyojilipia sisi. Alitikisa kichwa kukubali, akasema, "Basi hapo alikuwa kwao."